Mguu Umesikia Nini? Mhadhara juu ya Kutafuta Ubovu wa Breki

Nawashukuru mafundi mliofunga gereji mapema hapa Lushoto, kwa sababu najua kila saa ya fundi ni unga wa nyumbani.

Lengo langu ni moja. Nataka tuache kuridhika na maneno mawili tunayoyasema kila gari linapoacha njia: "breki zilifeli." Maneno hayo hayaelezi kitu. Ni kama daktari kuandika kwamba mgonjwa alikufa kwa kukata pumzi. Kila anayekufa hukata pumzi. Tunachotaka kujua ni nini kilichoikata. Na mtu akishasema breki zilifeli, hatakosekana wa pili wa kuongeza kwamba ajali haina kinga. Tunazika, tunarudi kazini, na gari jingine lenye ubovu uleule linaendelea kupakia kabichi.

Ninachodai mbele yenu ni kwamba breki za gari dogo, zile zinazosukumwa na kimiminika ndani ya bomba, kwa kawaida hutoa taarifa kabla ya kushindwa. Taarifa hiyo hupita kwenye unyayo wa dereva. Dereva huihisi, lakini hakufundishwa kuieleza. Fundi akipelekewa gari haulizi, anafungua. Kati ya wawili hao taarifa inapotea, na mwenye gari analipia spea isiyohitajika.

Hoja ya kwanza: anayetafuta ubovu wa breki anatafuta presha

Walimu wa fizikia waliomo humu huiita kanieneo. Mimi nitasema presha, kama tunavyosema gereji. Mfaransa Blaise Pascal alieleza katika karne ya 17 kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa, presha yake husambaa kwa kiasi kilekile kila upande. Ilichukua karne mbili na zaidi mpaka wazo hilo lifike kwenye gurudumu. Magari ya mwanzo yalisimamishwa kwa fimbo na kebo, na kazi ya kuzirekebisha ili magurudumu yote yashike kwa pamoja haikuwa na mwisho. Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyehangaika kuweka kimiminika mahali pa fimbo, na mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilitoka likiwa na breki za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne.

Hebu tufanye hesabu kidogo, wanafunzi, andikeni. Mguu wako unakanyaga kwa uzito wa kilo 20. Pedali ni nyenzo, tuseme inaongeza mara 5, basi masta silinda inapokea kilo 100. Pistoni yake ina eneo la sentimita 3 za mraba, kwa hiyo presha kwenye bomba ni kama kilo 33 kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyo ikifika kwenye kalipa ya mbele yenye pistoni ya sentimita 24 za mraba, pedi zinabana diski kwa kilo 800. Kilo 20 za mguu zimekuwa 800, na busta, kile chombo cha vakyumu kinachousaidia mguu, bado haijasaidia.

Nguvu hiyo ina gharama yake, na gharama hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya maradhi tutakayoyataja. Pistoni ya masta ikisafiri sentimita 3, imesukuma sentimita 9 za ujazo tu, yaani pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili hivyo vinatakiwa kutosha magurudumu yote. Sasa fikirini tone linalovuja, au povu la hewa lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Ndani ya ndoo ni kitu kidogo, lakini ndani ya vijiko viwili vya chai ni wizi mkubwa.

Hapa niwatulize wale wa malori. Wenzetu wanaoendesha malori makubwa wana breki za upepo, na kwao upepo ndio unaofanya kazi. Kwenye pikapu na taksi, upepo ndio adui. Hewa hubanwa ikasinyaa, kimiminika hakikubali. Dereva aliyetoka kwenye lori akaingia kwenye gari dogo asidhani kwamba neno ni lilelile.

Basi kila tunapokabili breki mbovu, tujiulize kwa mfuatano: presha haikuzaliwa? Imezaliwa ikapotea njiani? Imefika ikakataa kurudi? Na ikiwa presha iko sawa kabisa lakini gari halisimami, tatizo limehama kwenye bomba, limekwenda kwenye msuguano wa pedi na diski. Fundi anayeshika maswali haya manne hana haja ya kubahatisha.

Hoja ya pili: kimiminika chenyewe kinaugua

Tunakiita mafuta ya breki. Wengine wanasema maji ya breki. Majina yote mawili yanatuponza, kwa sababu kitu kile si maji wala si mafuta. Kwenye magari mengi yanayopita hapa ni jamii ya glaikoli, na mimi nitakiita fluidi. Aliyeambiwa ni mafuta, siku fluidi imepungua njiani humimina oili ya injini au ya usukani. Mpira wa vikombe vya breki haukutengenezwa kukutana na oili hizo. Unavimba, unalegea, unaziba matundu ya kurudishia ndani ya masta silinda. Kilichookoa nusu lita ya fluidi kinadai kubadilishwa kwa kila mpira uliomo ndani ya mfumo mzima, kutoka masta hadi magurudumuni.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji mashine. Chukua fluidi kidogo kutoka kwenye chupa yake, itie kwenye glasi ya maji, koroga. Fluidi ya glaikoli huchanganyika na maji. Ukiona utando au matone yanaelea juu, kuna oili humo. Tazama pia mpira wa mfuniko wa chupa: kama umevimba hata haukai mahali pake, ujue vikombe vya ndani vina hali hiyo hiyo.

Ugonjwa wa pili ni wa polepole. Fluidi ya glaikoli hunyonya unyevu wa hewa, kupitia mipira na mfuniko, mwezi baada ya mwezi. Fluidi ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya karibu asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 140. Kwa DOT 4 ni kutoka 230 hadi 155. Mtu wa barabara tambarare anaweza kuishi miaka na fluidi ya namna hiyo asijue. Mtu wa Lushoto hawezi.

Nieleze kwa nini. Kutoka hapa hadi Mombo ni kama kilomita 33, na njia inashuka karibu mita 900. Pikapu yenye tani mbili na nusu pamoja na mzigo, ikishuka urefu huo, inaachia joto ambalo lingeweza kuchemsha maji baridi ya madumu zaidi ya matatu ya lita 20. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo, sehemu na upepo na matairi. Dereva akishuka kwa nyutro, karibu lote linaangukia kwenye diski na drumu. Diski inapasha pedi, pedi inapasha pistoni, pistoni inapasha fluidi. Maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Vijiko vyetu viwili vya chai vinaishia kubana mvuke, na pedali inakwenda mpaka sakafuni.

Hili limenikuta mwenyewe, na sitalificha. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuangalia pikapu iliyokuwa ikishusha viazi na kabichi kwenda Mombo. Dereva alinieleza kwamba kwenye kona za chini ya Soni pedali ilizama, akaokolewa na gia ya kwanza na breki ya mkono, akaliegesha gari kwenye mfereji wa upande wa mlima. Mimi nilifika baada ya saa nzima. Nikakanyaga pedali: ngumu kama jiwe. Nikatafuta mvujo, hakuna. Nikamwambia mwenye gari kwamba masta silinda imechoka, nikaibadilisha, kwa sababu ndiyo tuliyozoea kuibadilisha. Wiki iliyofuata gari lilifanya vilevile, kona zilezile. Safari hii nilitoa fluidi kwenye kalipa ya mbele, ikatoka nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea. Lile gari halikuwa na masta mbovu. Lilikuwa na fluidi ambayo haikuwahi kubadilishwa tangu lilipoingia nchini. Nilimrudishia mwenye gari fedha ya masta, lakini yule dereva nilimkosea zaidi, kwa maana alikuwa amenieleza kila kitu: kwamba ilizama baada ya mteremko mrefu, na kwamba ilirudi ilipopoa. Ubovu unaopotea gari likipoa ni mvuke mpaka ithibitike vinginevyo. Taarifa nilipewa, sikuisikiliza.

Rangi peke yake isiwadanganye. Fluidi inaweza kuwa safi machoni na bado ina maji. Kuna vipimo vidogo vya kupima kiwango cha kuchemka. Kwa anayevikosa, watengenezaji wengi wanashauri fluidi ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na kwa barabara yetu ningeuchukulia muda huo kuwa mwisho.

Hoja ya tatu: pedali ina lugha, na inafaa tuijue kwa majina yake

Hapa nitakaa muda mrefu, mnivumilie.

Pedali inayozama taratibu. Umesimama, injini inaunguruma, umeweka mguu kwa uzito mdogo usiobadilika, na pedali inashuka polepole kama mtu anayesinzia. Kuna kitu kinapita. Swali la kwanza: je, fluidi kwenye chupa imepungua? Kama imepungua, inatoka nje ya mfumo. Tazama ndani ya kila gurudumu, fuata mabomba chini ya gari, hasa pale yanaposhikiliwa na vibanio na matope yanapokaa. Kama ardhi ni kavu na magurudumu ni makavu, usikate tamaa. Mpira wa nyuma wa masta silinda ukivuja, fluidi huingia ndani ya busta, na busta ni pipa lililofungwa, halidondoshi tone nje. Legeza masta, ivute mbele kidogo, pitisha kidole nyuma yake. Kidole kikitoka na fluidi, mwizi umempata. Lakini kama fluidi ya chupa haipungui kabisa na pedali bado inazama, basi inapita ndani kwa ndani kwenye vikombe vya masta. Hapo ndipo tunapobadilisha masta silinda. Angalieni maswali mangapi yametangulia.

Pedali laini, inayodunda kama unakanyaga sifongo. Hiyo ni hewa, au mpira wa breki uliochoka unaovimba kila unapokanyaga. Mwambie mtu akanyage huku wewe umeshika mpira kwa vidole. Uliochoka utauhisi ukitutumka. Kama mipira iko sawa, toa upepo, kisha ujiulize ulivyoingia, maana hewa haiingii kwenye mfumo uliofungwa vizuri. Fundi anayetoa upepo kila mwezi kwenye gari lilelile anadeki maji wakati paa linavuja.

Pedali ya chini inayopanda ukiipampu. Ukikanyaga mara moja inaenda chini, mara ya tatu inakuwa juu na ngumu. Wengi husema upepo. Inaweza kuwa upepo, lakini kama ikipanda haidundi, kwanza fungua drumu za nyuma. Viatu vya breki vikiwa mbali na drumu, fluidi ya mkanyago wa kwanza yote huishia kuvisogeza, na ya pili ndiyo inayokamata. Dawa yake ni kurekebisha viatu, na pengine kufufua kile kirekebishi kilichoshikwa na kutu.

Pedali ngumu, gari halisimami. Presha ya mguu ipo, msaada haupo. Pima busta hivi: zima injini, kanyaga mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, bakiza mguu juu yake, washa injini. Busta nzima itaifanya pedali ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, anza na kitu rahisi: mpira wa vakyumu na valvu yake ya njia moja. Dizeli nyingi za zamani zina pampu ya vakyumu iliyopachikwa nyuma ya altaneta. Nimewahi kuona pikapu iliyotoka kwa fundi umeme siku hiyohiyo ikiwa na altaneta nyingine na breki ngumu kama ukuta, na watu wakabishana siku mbili juu ya kalipa. Muulizeni mwenye gari: kabla ya tatizo kuanza, lilifanyiwa nini?

Hapo hapo niseme na wale wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Busta ina akiba ya vakyumu ya mikanyago michache tu. Ikiisha, ni mguu wako peke yake dhidi ya mzigo wote. Nawaomba, kwa ajili ya watoto wenu, msifanye hivyo.

Busta ikiwa nzima na pedali bado ni ngumu bila matokeo, rudi kwenye lile swali la nne, la msuguano. Pedi zilizoungua hung'aa kama kioo. Pedi zilizolowa grisi au fluidi hazifai kuoshwa kwa petroli zikarudishwa, zimekwisha.

Gari linalovuta upande. Likivuta kulia unapokanyaga, mkono wa fundi unakwenda kulia. Subiri kwanza. Gari huvutwa na upande unaoshika, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa yuko kushoto, ndiye asiyeshika. Pima upepo wa matairi kabla ya yote, kisha endesha, fanya breki kali mara kadhaa mahali salama, usimame, ulinganishe joto la magurudumu mawili ya mbele. La baridi halijafanya kazi. Rudia safari nyingine bila kugusa breki karibu kabisa: sasa lenye moto ndilo linalokwama. Kipima joto cha kuelekeza kwa mbali kinasaidia. Kama huna, matone machache ya maji kwenye rimu yanatosha.

Pedali inayotetemeka niipite haraka: kwa kawaida ni diski isiyo na unene sawa, na kipimo cha chini cha unene huwa kimepigwa chapa kwenye diski yenyewe. Ila kwenye magari yenye ABS, pedali kutetemeka kwa nguvu ukifanya breki kali kwenye utelezi ni kazi ya kawaida ya mtambo. Usiondoe mguu.

Na ile taa nyekundu ya dashibodi? Ikiwa breki ya mkono imeshushwa na taa bado inawaka, mara nyingi fluidi imeshuka. Pedi zikilika, pistoni zinatoka zaidi na fluidi inazifuata, kwa hiyo chupa inapungua hata bila mvujo. Kuongeza fluidi bila kutazama pedi ni kuinyamazisha taarifa.

Hoja ya nne: presha inayokataa kurudi

Ubovu huu hausemwi sana, kwa sababu gari linasimama vizuri. Shida yake ni kuondoka. Linakula mafuta, rimu moja inachoma, harufu ya kuungua inasikika, na baada ya mwendo mrefu pedali inakuwa juu kuliko kawaida.

Inua gurudumu linaloshikwa. Kanyaga breki, achia, jaribu kulizungusha, linagoma. Sasa legeza nipo ya kutolea upepo. Fluidi ikiruka na gurudumu likawa huru, kulikuwa na presha iliyofungiwa. Gurudumu lisipokuwa huru, pistoni ya kalipa au pini zake zimeshikwa na kutu, shughulika na chuma. Tuseme limekuwa huru. Funga nipo, kanyaga tena mpaka ligome, kisha legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Gurudumu likiachia, presha ilikuwa imefungiwa juu, kwenye masta au fimbo ya busta iliyorekebishwa ndefu mno. Likiendelea kugoma, mpira wenyewe ndio mlango uliojifunga. Nje unaonekana mzima, ndani utando umebanduka; mguu una nguvu ya kupenyeza fluidi kwenda, lakini pistoni haina nguvu ya kuirudisha.

Nimeona kalipa tatu zikinunuliwa kwa gari moja kwa sababu ya mpira kama huo.

Hoja ya tano: mengine tunayasababisha wenyewe

Mafundi wenzangu, nasema haya nikiwa mmoja wenu.

Magari yetu yana njia mbili za breki ndani ya masta moja ili moja ikikatika ibaki nyingine. Marekani iliifanya kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1968. Ni kinga iliyolipiwa kwa maisha ya watu. Halafu gurudumu la nyuma linavuja, spea haipo, mtu anachukua koleo anabana bomba, anakunja, anasema nenda hivyo hivyo, kesho urudi. Kesho hairudi. Gari linakaa mwaka na magurudumu matatu, na siku njia nyingine ikikatika, ile kinga tulikuwa tumeshaitumia.

Wakati wa kutoa upepo kwenye gari la zamani, tunakanyaga pedali mpaka sakafuni. Pistoni ya masta inafika sehemu ya silinda ambayo haijawahi kuifikia, yenye kutu na uchafu, na vikombe vinachanika. Gari liliingia na upepo, linatoka na masta mbovu. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Na kwa gari la usukani wa kulia lenye masta upande wa kulia, bomba refu zaidi kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Wengi huanzia hapo, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Magari yenye ABS mengine hayatoi upepo wote bila mashine ya kufungua valvu zake.

Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipo inakuwa chini ya kalipa. Hewa hukaa juu. Utatoa upepo mpaka fluidi ya duka iishe na pedali itabaki laini. Kabla ya kulaumu kitu chochote, tazama nipo iko wapi.

La mwisho linawahusu wenye pikapu za mizigo. Nyuma, karibu na ekseli, nyingi zina valvu yenye mkono inayosoma uzito: springi zikishuka kwa mzigo, breki za nyuma zinaongezewa presha. Sisi tunaongeza bamba za springi ili gari libebe zaidi na lisiiname. Ile valvu inaona gari liko juu, inahesabu kwamba halina mzigo, inazinyima breki za nyuma. Breki za mbele zinabeba peke yake kila kona ya kwenda Mombo, zinachemka, na tunarudi kwenye fluidi niliyoisema. Ukiinua springi, rekebisha na mkono wa valvu.

Ndugu zangu, muda wangu unakwisha.

Magari yanabadilika. Yanakuja ambayo mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo, pedi zikitumika kwa nadra, na pedali nyingine imeunganishwa na kompyuta kabla ya kuunganishwa na bomba. Dereva wa gari kama hilo atahisi machache zaidi mguuni, na fluidi iliyokaa bila kazi itaendelea kunyonya unyevu uleule. Vijana mnaoingia ufundi sasa mtahitaji mashine ya kusoma kompyuta, na bado mtahitaji yale maswali manne. Kwa walimu wa kufundisha udereva nina ombi: tengeni siku moja ya mafunzo ambayo mwanafunzi hataendesha. Akae tu ndani ya gari lililosimama, akanyage pedali nzima, kisha yenye upepo, kisha yenye busta iliyokatwa mpira, mpaka aweze kueleza tofauti kwa maneno yake mwenyewe. Na kila gereji iandike tarehe ya kubadilisha fluidi kwenye kipande cha karatasi, iibandike karibu na chupa. Fundi atakayefuata ataikuta.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapo nje na pikapu moja ambayo mwenyewe ameniruhusu kuitumia. Ina ubovu, na sijamwambia mtu ni upi. Kila atakayekuja atakaa kwenye usukani dakika mbili, bila kufungua hata nati moja, halafu ataniandikia kwenye karatasi mguu wake umesikia nini. Baada ya hapo ndipo tutafungua. Njooni na nguo za kazi, na mwenye glasi asiyoihitaji tena nyumbani aje nayo, tutaitumia kwa kile kipimo cha maji.